Pendekezo lako la makala limekwama wapi? Sikiliza mlio kwanza

Fundi gari anayejua kazi yake hakimbilii kufungua injini. Anausikiliza mlio wake, kisha anauliza: linakataa kuwaka kabisa, au linawaka kisha linazima? Linazima likishapata moto, au hata asubuhi? Majibu hayo ndiyo yanayompeleka kwenye betri, kwenye plagi au kwenye pampu ya mafuta, na mwenye gari anaokoa pesa.

Mwandishi wa kujitegemea ambaye mapendekezo yake hayazai kazi huambiwa jambo moja tu: tuma mengi zaidi. Nimewaona watu wenye kalamu nzuri wakiufuata ushauri huo mpaka wakakata tamaa, na tatizo wala halikuwa idadi. Barua yenye kasoro ukiituma kwa wahariri 40, umeisambaza kasoro ileile mara 40.

Kwa hiyo hapa naanzia kwenye dalili: umejibiwa nini, au umenyimwa jibu la namna gani. Na ninaposema pendekezo nina maana ya ile barua pepe fupi inayomwambia mhariri au mteja kwamba nina habari hii, nitaiandika hivi, na mimi ndiye wa kuiandika. Tafuta mlio unaofanana na wako. Ukiupata, rekebisha hapo tu. Usibomoe barua nzima.

Ukimya mtupu: hakuna hata "tumepokea"

Kama barua kumi zimeondoka na hakuna neno lililorudi, usiliguse wazo lako bado. Huenda hakuna aliyelisoma. Angalia kwanza yale ambayo mhariri huyaona kabla hajafungua: barua imeingia sanduku gani, na ina kichwa gani.

Anwani za jumla, zile zinazoanza na info, hupokea matangazo, malalamiko ya wasomaji na mialiko ya semina. Makala yako haina mwenyewe humo. Tafuta mhariri wa dawati linalohusika: makala, biashara, mazingira, toleo la mwisho wa wiki. Majina yao mengi yako LinkedIn na X, na pale yasipokuwepo, simu ya mapokezi ya chumba cha habari bado inafanya kazi. Piga, salimia, uliza nani anashughulikia makala za mazingira na anapokea mapendekezo kwa anwani gani. Dakika tatu hizo zina faida kuliko wiki nzima ya kutuma gizani.

Kisha kuna ile barua tuliyofundishwa shuleni. Anwani mbili, tarehe, halafu kwa herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA KAZI YA UANDISHI WA MAKALA. Chini yake: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Na aya ya kwanza: "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Barua hiyo ina mahali pake. Ukiomba kazi halmashauri, iandike vivyo hivyo na usiipunguze. Lakini barua hiyo inaomba ajira, na mhariri wa makala hana ajira mkononi. Alichonacho ni ukurasa wa Jumapili ambao bado uko wazi na leo ni Jumanne. Anatafuta kitu cha kuujaza, nawe umemletea umri wako.

Kichwa cha barua kibebe habari yenyewe. Badala ya "Ombi", andika: "Pendekezo la makala: Wakulima wa mwani Paje, Zanzibar, wanaufuata mwani kwenye kina bila kujua kuogelea". Hata asipoifungua sasa hivi, ameshajua kilichomo.

Mistari miwili ya kwanza nayo ina kazi, kwa sababu simu humwonyesha hiyo tu chini ya kichwa. Kama yote miwili imekwisha kwa "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, mimi huku sijambo", amebaki bila sababu ya kuendelea. Sisemi tuache salamu. Wapo wanaofundisha hivyo kwa kuiga wageni, na mimi sikubaliani nao. Barua isiyosalimia kwetu inasomeka kama amri. "Habari za kazi, Ndugu" na jina lake, inatosha kwa mhariri wa Dar es Salaam. Kwa Nairobi au Mombasa, "Bwana" au "Bi" na jina. Mstari unaofuata uwe habari.

Mwisho, ondoa viambatisho. Wasifu wa kurasa nne na picha sita nzito humla mtu bando na huifanya barua itiliwe shaka na mitambo ya kuchuja barua taka. Yeye akihitaji ataomba. Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe, uifungue kwa simu, uone kinachoonekana bila kugusa kitu.

"Wazo zuri, ila halijakaa sawa"

Gari limewaka. Mtu amekusoma, amekujibu, na amekataa kwa upole. Hapa ndipo waandishi wengi wazuri walipo, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi, maana kasoro yake karibu kila mara ni ileile: umetuma mada, hujatuma habari.

Hii ni mada: "Ningependa kuandika kuhusu changamoto zinazowakabili wakulima wa mwani Zanzibar." Neno "changamoto" likiwa kwenye pendekezo, jua kwamba mwandishi hajaenda. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo changamoto zake zimeandikwa na magazeti, na vyuo, na kila mradi uliofika na gari jeupe. Mhariri hawezi kuona ndani ya sentensi hiyo makala itaanzia wapi, itamfuata nani, wala itaishia wapi.

Sasa soma hii:

"Mwani wa aina ya cottonii una bei nzuri kuliko wa aina ya spinosum, lakini hauvumilii maji yakipata joto, na kwenye maji ya magotini pwani ya mashariki ya Unguja umekuwa ukifa. Njia mojawapo inayopendekezwa ni kuuhamishia kwenye kina. Wanaolima wengi ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Nataka kukaa na kikundi kimoja cha Paje bamvua zima, nione nani anakubali kwenda kwenye kina, nani anabaki na spinosum, na tofauti hiyo inaonekanaje nyumbani siku ya kuuza. Maneno 1,200, na picha zangu. Naweza kuwasilisha siku kumi baada ya bamvua."

Ni bahari ileile na watu walewale. Lakini sasa kuna wanawake wanaolazimika kuchagua, kuna hatari, kuna pesa, na kuna jambo ambalo hata mwandishi mwenyewe bado halijui na anakwenda kulitafuta. Mhariri huuona ukurasa.

Tazama pia neno "bamvua". Wakulima wa mwani huingia shambani maji yanapokupwa mbali, na hiyo ni kazi ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo bahari haikupwi mbali, shamba limefunikwa. Mwandishi aliyelitumia neno hilo mahali pake amemthibitishia mhariri, bila kujisifu, kwamba amesimama ufukweni na kuongea na watu. Kila kazi ina neno kama hilo. Wachuuzi wa samaki Feri wanalo, madereva wa malori ya Tunduma wanalo, mafundi simu wa Kariakoo wanalo. Ukilipata, liweke kwenye pendekezo. Litakutetea kuliko aya nzima ya kueleza elimu yako.

Kama habari yako ina mtu na mahali na bado inakataliwa, jiulize swali la wakati: kwa nini sasa? Chukua Julai 7. UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na kila Juni ikielekea ukingoni madawati hufurika mapendekezo yaleyale ya umuhimu wa lugha yetu. Tuma mwezi Mei. Na usitume umuhimu. Tuma mkalimani wa hospitali huko Marekani aliyejifunzia Kiswahili Unguja, anayemtafsiria mkimbizi kutoka Bukavu, na siku ambayo neno moja la ugonjwa liliwapishanisha. Habari za Ramadhani nazo zina msimu wake: ukituma mwezi umeshaandama, umechelewa, kwa sababu kurasa zilipangwa tangu Shaabani au kabla.

Na swali la pili: kwa nini wewe? Si lazima liwe jibu kubwa. "Nimezaliwa Jambiani na shangazi yangu analima" ni jibu. "Nilikuwa karani wa benki miaka sita na najua fomu hizi za mkopo" ni jibu. Sentensi moja, mwishoni, inatosha.

"Hili si letu", au "tulishalichapa"

Chanzo ni kimoja: hujawasoma. Tafuta kwenye tovuti yao maneno makuu matatu ya habari yako, soma walichochapa, kisha useme kwenye pendekezo lako kinachoongezeka. Angalia na umbo. The Continent, gazeti lililoanza Aprili 2020 na kusambazwa kwa WhatsApp, limeandikwa lisomwe kwenye simu na habari zake ni fupi. Kulipelekea pendekezo la makala ya maneno 4,000 ni kujifungia mlango mwenyewe. Mhariri akikwambia "si letu", mshukuru na umuulize kwa adabu ni habari za aina gani anazozihitaji miezi hii. Wengi hujibu.

Alisisimka, akaomba sampuli, kisha akapotea

Wazo limepita. Kilichokwama ni ushahidi kwamba unaweza kuliandika.

Anza na jambo dogo lililonigharimu mimi kazi. Nilituma kiungo cha sampuli zilizokuwa Google Docs, na sikuwa nimezifungulia wengine. Mhariri alibonyeza, akaombwa aombe ruhusa, akaomba. Ombi lake likaenda kwenye barua pepe ya zamani niliyokuwa siifungui. Nililikuta baada ya wiki tatu, na ukurasa ulikuwa umeshapewa mtu mwingine. Tangu siku hiyo hufungua kila kiungo kwa simu ya mtu wa nyumbani kabla sijakituma. Fanya hivyo hata kama una hakika.

Chanzo kingine ni sampuli zisizoshabihiana na pendekezo. Umependekeza makala ya watu na bahari, umetuma taarifa ya mkutano wa wadau. Tuma mbili tu, zile zilizo jirani zaidi na unachotaka kuandika.

Na wapo wasiokuwa nazo kabisa ingawa wameandika miaka. Kenya, hasa, vijana wengi waliingia kwenye uandishi wa kazi za kitaaluma kwa ajili ya wanafunzi wa nje, na wengine wameandika blogu za kampuni bila jina lao. Kazi hizo huwezi kuzionyesha, na nyingine hupaswi kuzionyesha. Kinachobaki ni kuandika makala mbili zako mwenyewe, kwa kiwango ambacho ungelipwa, uziweke mahali panapofunguka. Nenda sokoni kwenu, kaa na muuza nazi siku mbili, andika maneno 800. Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza kama sampuli ililipiwa.

Kuna sababu mpya ya ukimya huu ambayo lazima niitaje. Agosti 2025 ilijulikana kwamba Wired na Business Insider, vyombo vya habari vya Marekani, zimeondoa makala zilizotoka kwa jina la Margaux Blanchard, baada ya mashaka kwamba mwandishi huyo hayupo na makala zimetungwa kwa akili mnemba. Ni haki kwa mhariri asiyekujua kuwa na wasiwasi. Msaidie: weka namba ya simu, sema umeshaongea na nani na yuko tayari kuthibitishwa, jitolee kuongea naye kwa video. Na pendekezo uliandike mwenyewe. Barua iliyotungwa na mashine ina ulaini unaofanana na barua nyingine 20 alizozipokea asubuhi hiyo, na haitakuwa na neno "bamvua" ndani yake.

Upwork: Connects zinaisha, kazi haiji

Upwork ni tovuti ambako wateja hutangaza kazi na waandishi wa kujitegemea huziomba. Huku msomaji wako ni mteja, na kila ombi lina bei. Connects, zile tiketi za kuombea kazi, Upwork huziuza kwa senti 15 za dola kila moja, na kazi moja hudai kadhaa. Anayeomba kila kazi inayopita anakula mtaji.

Mteja huona orodha ya waombaji na mistari ya mwanzo tu ya kila barua. Ukianza na "I am an experienced writer", umeanza kama mamia ya wengine. Anza na tatizo lake. Ametangaza kwamba anataka mtu wa kutafsiri programu ya mikopo kwa Kiswahili? Mstari wako wa kwanza umwambie kwamba neno la Kiingereza alilolitumia, "interest", lina tafsiri mbili kwetu, "riba" na "faida", na kwamba kwa Mwislamu wa Mombasa chaguo hilo linaweza kuamua kama atafungua programu au ataifuta. Hapo umeshaanza kumfanyia kazi.

Kabla ya kutumia tiketi, kagua mteja: njia yake ya malipo imethibitishwa? Ameshawahi kuajiri, au hutangaza tu? Waliomfanyia kazi wanasemaje? Akikuambia mhamie Telegram kabla ya mkataba, au ulipe kwanza "ada ya usajili" ndipo upewe kazi, huyo ni tapeli. Usimjibu. Akitaka makala nzima ya bure kama jaribio, mpe sampuli ulizonazo au mwambie utaandika aya moja; zaidi ya hapo ni kazi, na kazi hulipwa.

Kazi zinakuja, hela haitoshi

Pendekezo lako linafanya kazi vizuri. Linagonga mlango usio na pesa, au linaingia likiwa limeinama. "Nitapokea chochote mtakachonipa" ni sentensi ya kuifuta leo. Mhariri mwenye bajeti akiisoma, anakupangia kiwango cha chini, na anaona pia kwamba hujui gharama ya kazi yako. Makala ile ya Paje ina nauli ya boti, malazi, siku kadhaa za kungoja maji na siku mbili za kuandika. Ziandike kwenye karatasi, ujumlishe, ujue chini ya kiasi gani unakwenda kwa hasara.

Huna haja ya kutaja bei kwenye barua ya kwanza kwa gazeti. Akikubali wazo, uliza: "Bajeti yenu kwa makala ya urefu huu ni kiasi gani, na gharama za safari mnazilipa kando?" Ni swali la kawaida, na anayelichukia amekusaidia kumjua mapema.

Lakini niseme wazi: magazeti mengi ya Kiswahili hayamlipi mwandishi wa nje kiasi cha kuendesha nyumba, na ufundi wa barua hautalibadilisha hilo. Wengi ninaowafahamu huchanganya. Makala mbili kwa mwezi kwa ajili ya jina na moyo, na kazi za mashirika, benki na kampuni zinazotaka Kiswahili kisichonuka tafsiri kwa ajili ya kodi. Hao wa pili nao hupokea mapendekezo. Waandikie kwamba umeusoma ukurasa wao wa Kiswahili, uwaonyeshe sentensi moja iliyovunjika na namna ulivyoinyoosha.

Wazo langu limetoka kwa jina la mwingine

Inauma, na wakati mwingine ni wizi kweli. Mara nyingi zaidi ni kwamba ulituma mada, na mada ni ya kila mtu. Kilicho chako ni yule mama wa Paje aliyekubali ufuatane naye. Kwa mhariri usiyemjua, eleza kwamba unaye mtu huyo na amekubali, bila kutaja jina wala simu yake.

Ni lini nikumbushe?

Habari inayochacha, siku mbili. Makala isiyo na haraka, siku saba hadi kumi. Kumbusha mara moja, kwa mistari miwili, ukijibu barua ileile ili ya kwanza ionekane chini yake: "Habari za leo, Ndugu. Naulizia pendekezo la wakulima wa mwani nililotuma tarehe 4. Bamvua linaanza wiki ijayo, hivyo nisipopata jibu kufikia Ijumaa nitalipeleka kwingine. Nitafurahi sana likiwa lenu." Kisha lipeleke kweli. Usimfuate WhatsApp saa tatu usiku kama hakukupa namba yake kwa ajili hiyo.

Na akijibu "sawa, andika", usishuke ufukweni bado. Siku hiyohiyo mrudishie haya kwa maandishi:

"Asante sana. Ili tuelewane: maneno 1,200 na picha tano, nawasilisha tarehe 22. Malipo ni kiasi tulichokubaliana, ndani ya siku 30 baada ya kuwasilisha, nauli na malazi kando kwa risiti. Mkiamua kutochapa baada ya kuipokea, mtanilipa nusu na makala inabaki yangu. Kama kuna nilichokosea hapo, nirekebishe kabla sijakata tiketi ya boti."